Farasi anapimwa mbele ya kupanda ndeke. Sisi je?



Leo tunaleta habari ya farasi. Tunajua wengi watacheka. Sisi pia tulicheka siku ile kijana mumoja wa mutaa wetu alituonyesha video mu telefone: farasi wa mbio wanaingizwa mu ndeke ya mizigo, wamefungiwa ndani ya masanduku makubwa sawa vyumba, majani iko mbele ya midomo yao, na watu wa kuwalinda wamesimama kandokando. Mumoja wetu akasema: «Angalia! Farasi iko na paspoti, mimi sina.» Tukacheka tena. Lakini mama mumoja aliyekuwa anauza mikate pale karibu akauliza: «Na kama farasi ile iko na homa, banamupandisha vilevile?»

Hakuna mutu kati yetu aliyejua jibu. Njo tukaanza kutafuta, kusoma na kuuliza. Jibu tulilolipata ni hapana, hawamupandishi. Na anayesema hapana si mwenye farasi. Ni juu ya neno hilo tunaandika leo, kwa sababu linatuhusu sisi watu wa mine kupita vile tulivyofikiri.

Karatasi inafungwa ku mwili

Tuchukue mbio moja inayojulikana dunia nzima: Melbourne Cup, kule Australia. Inakimbizwa kila mwaka, siku ya mardi ya kwanza ya mwezi wa 11, katika uwanja wa Flemington, kwa metre 3 200. Zawadi inapita dola milioni 8 za Australia. Juu ya makuta hayo, farasi wanatoka Irlandi, Uingereza, Ufaransa, Japani, na kuzunguka nusu ya dunia.

Mbele ya kutoka kwao, kila farasi anapaswa kuwa na kijitabu chake. Ndani yake kuna jina, rangi, alama za mwili, na chanjo zote, tarehe kwa tarehe, na sahihi ya munganga wa nyama. Chini ya ngozi ya shingo kuna kitu kidogo sana, sawa punje ya muchele, chenye namba. Mashine inasoma namba ile na wanailinganisha na kijitabu. Kwa hiyo si rahisi kuleta farasi mugonjwa na karatasi za farasi muzima. Kisha wanamutoa damu, kutafuta magonjwa ambayo macho ya mutu hayawezi kuona.

Sisi Wakongomani tunaijua shida ya karatasi. Kuna wengi kati yetu waliopata kadi ya manjano ya chanjo bila sindano kugusa mukono. Walilipa, wakaandikiwa, wakapita mupaka. Karatasi ilikuwa muzuri, lakini mwili haukuwa na kinga. Kwa farasi wamefanya namna karatasi na mwili visiachane. Ukiwa na kimoja bila kingine, husafiri.

Kisha karatasi, karantini. Farasi anakaa siku 14 kwao, kando ya farasi wengine, chini ya macho ya waganga. Akifika Australia, anakaa tena siku 14. Wale wa Melbourne Cup wanapelekwa Werribee, pembeni ya muji wa Melbourne. Pale anaweza kufanya mazoezi, anaweza kukimbia asubuhi, lakini hachangani na farasi wa inchi ile. Ni jumla ya mwezi muzima wa kuangaliwa, juu ya mbio ambayo haifiki dakika 4.

Vile wanavyomulinda njiani

Watu wanafikiri shida ya farasi mu ndeke ni woga. Kuna woga, ndiyo, lakini shida kubwa ni mapafu. Farasi akifungwa kichwa juu kwa saa nyingi, hawezi kukiinamisha kwa kutoa makohozi na vumbi. Vumbi la majani makavu linabaki ndani, vijidudu vinazaa, na kisha siku moja ao mbili homa inapanda. Ugonjwa ule unaweza kumuua, na hata akipona, mapafu yake hayarudi sawa zamani. Njo maana wanalowesha majani katika maji mbele ya kumupa, juu ya kupunguza vumbi. Njo maana wanamwachia kamba ndefu ya kutosha kuinamisha kichwa. Njo maana wanapima homa yake asubuhi na mangaribi, mbele ya safari na kisha safari. Homa ikipanda, wanamwita munganga mara moja, hawangojei mpaka aanguke.

Tulisoma maneno hayo mara mbili: vumbi, mapafu, majani ya kuloweshwa. Ndugu, nani kati yetu haelewi habari ya vumbi? Sisi tunajua mashine ya kutoboa jiwe inayofanya kazi bila maji, na mutu anatoka pale uso mweupe sawa muokaji wa mikate. Maji yanatuliza vumbi la jiwe sawa vile yanatuliza vumbi la majani. Hiyo si elimu ya kutoka mbali.

Tena wanapima kilo zake. Farasi mukubwa iko karibu kilo 500, na safari ndefu inaweza kumupunguza kilo 20 na zaidi, kwa sababu anakunywa maji kidogo na anatoka jasho. Wanamupima mbele, wanamupima akifika, na hawamuache akimbie kwa nguvu mpaka kilo zirudi. Tumbo lake pia linaangaliwa, kwa sababu farasi hawezi kutapika: chakula kibaya kikiingia, kinabaki, na maumivu ya tumbo yanaweza kumuua kwa siku moja.

Na dawa? Kuna sheria kali. Siku ya mbio, damu ya farasi haipaswi kuwa na dawa ya kuzuia maumivu. Kisha mbio wanachukua mukojo na damu kwa kupima. Wengine wanafikiri ni juu ya wizi tu, kwamba mutu asimutilie farasi nguvu ya uongo. Ni kweli, lakini kuna sababu ingine. Farasi aliyenyweshwa dawa ya maumivu hasikii muguu wake. Mufupa umeanza kupasuka, yeye anaendelea kukimbia, mpaka unavunjika kabisa. Maumivu ni kengele. Ukizima kengele, moto haujazimika.

Hapa tena hatutaandika mingi. Kila mutu anajua ndugu anayemeza vidonge vya maumivu mbele ya kushuka, na mwingine anayekunywa lutuku asubuhi ili mugongo unyamaze.

Sheria ilivunjika ku mulango

Musifikiri kule kwa farasi kila kitu ni kizuri. Mwezi wa 8 wa mwaka 2007, ugonjwa wa mafua ya farasi uliingia Australia, inchi ambayo haikuwa na ugonjwa ule hata siku moja mbele. Uliingia pamoja na farasi kutoka inje, katika nyumba ya karantini ya serkali karibu na Sydney. Farasi hawakutoka mu karantini. Lakini ugonjwa ulitoka. Ndani ya miezi michache makumi ya maelfu ya farasi waliupata, mbio zilisimamishwa katika majimbo mawili, na watu wengi wanaoishi kwa kazi ya farasi walibaki bila mushahara.

Serkali ilimupa kazi ya uchunguzi muzee mumoja aliyekuwa jaji mukubwa, Ian Callinan. Ripoti yake ilitoka mwaka 2008. Alisema nini? Kwamba kwa namna yote inayoonekana, ugonjwa ulitoka kupitia mutu, nguo zake ao vyombo vyake. Watu walikuwa wanaingia kuhudumia farasi, kisha wanatoka bila kuoga na bila kubadilisha nguo. Sheria ya kuoga na kubadilisha ilikuwa inajulikana, lakini ku mulango hakukuwa mutu wa kuilazimisha.

Sisi tunaleta habari hii kwa mama zetu zaidi. Baba anatoka mu mine na nguo zake za kazi. Anapanda motokari nazo, anaingia mu nyumba nazo, mutoto anamurukia miguuni. Kesho yake mama anazifua kwa mikono katika beseni ileile ya nguo za watoto. Mwaka 2020, waganga wa Université ya Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, kule Ubelgiji, walitangaza utafiti wao juu ya watoto wanaozaliwa na kilema hapa Lubumbashi: watoto ambao baba zao wanafanya kazi ya mine walionekana kuwa katika hatari kubwa zaidi. Karantini ya farasi ilishindwa juu ya bafu isiyotumiwa. Na sisi je, ni wachimbaji wangapi wanaotoka kazini kila mangaribi bila hata kuonyeshwa bafu?

Siku munganga alisema hapana

Sasa tufike ku neno lenyewe.

Mwaka 2020, katika Melbourne Cup, farasi mumoja kutoka Irlandi, jina lake Anthony Van Dyck, alivunjika muguu katikati ya mbio. Waganga walimuua pale pale, kwa sababu hakukuwa namna ya kumuponyesha. Hakuwa farasi wa bure: mwaka 2019 alishinda Derby ya Epsom, Uingereza, mbio ambayo kila mwenye farasi anaiota. Na hakuwa wa kwanza. Katika miaka iliyotangulia, farasi wengine waliotoka inje walikufa juu ya mbio ileile.

Watu walipiga kelele. Wasimamizi wa mbio wa jimbo la Victoria walifanya uchunguzi, na mwaka 2021 walileta sheria mupya. Farasi wa inje anapaswa kupigwa picha za mifupa ya miguu mbele ya kupanda ndeke. Akifika, anapitishwa tena mu skaneri mbele ya mbio. Na waganga wanaoamua ni wale wa wasimamizi, si wale wanaolipwa na mwenye farasi. Wakiona mufupa uko na alama mbaya, farasi hakimbii. Hata mwenye kumumiliki akilia, hata alishalipa safari yote.

Wengine watasema: hiyo ni karatasi tu, siku makuta makubwa iko mezani watafunga macho. Bon, tuone. Mwaka 2024 alikuja farasi mwingine kutoka kwa mufundishaji uleule wa Irlandi, Aidan O'Brien. Farasi anaitwa Jan Brueghel. Alikuwa hajashindwa hata mara moja, alikuwa ametoka kushinda St Leger kule Uingereza, na watu walimuhesabu kati ya wale wanaoweza kuchukua kikombe. Alisafiri, akafika Werribee, akapita mu skaneri. Waganga wakasema: hatari ya kuvunjika ni kubwa kupita kiasi, huyu hakimbii. Mufundishaji hakufurahi na alisema wazi. Lakini farasi alirudishwa kwao bila kukimbia.

Na habari haikuishia pale. Mwezi wa 6 wa mwaka 2025, Jan Brueghel uleule alikimbia Coronation Cup, pale Epsom, na akashinda.

Kuna wanaosema: munaona, waganga walikosea, farasi alikuwa muzima. Sisi tunaona kwa namna ingine. Munganga hakusema atakufa. Alisema hatari ni kubwa. Farasi akapumuzika, akapewa wakati, akarudi na kushinda. Mutu aliyezuiliwa kushuka mu shimo lenye ufa, na shimo lile halikuanguka siku ile, hawezi kusema walimuibia siku. Alikula chakula cha mangaribi na watoto wake. Ni yule aliyeshuka mu shimo lililoanguka ambaye hawezi kutuambia kitu.

«Farasi ni makuta, mutu ni bure»

Tunajua jibu ambalo wengi wako nalo mu kinywa: farasi anatunzwa kwa sababu ni mali. Farasi mumoja anaweza kuuzwa mamilioni ya dola. Muchimbaji akianguka, kesho kuna wengine kumi ku mulango wanaoomba nafasi yake.

Neno hilo liko na ukweli, na linauma. Lakini haliko na ukweli wote. Anthony Van Dyck alikuwa mali kubwa tangu siku alipozaliwa, na mali ile haikumulinda. Makuta yaliyomufanya kuwa wa bei njo yaleyale yaliyomusukuma akimbie. Kilichobadilisha mambo kisha kufa kwake si upendo wa farasi, wala bei yake. Ni kitu kimoja tu: neno la mwisho lilitolewa katika mikono ya yule anayefaidika, likawekwa katika mikono ya munganga ambaye hapoteze franga hata moja akisema hapana.

Na kupimwa peke yake hakutoshi. Hiyo tunaijua kutoka kwa babu zetu. Katika miaka ya 1920, Union Minière ilitafuta wafanyakazi mbali sana, mpaka Ruanda-Urundi. Waganga waliwapima mbele ya kuwakubali, wakawachanja, wakawakalisha kwanza mu kambi ili mwili uzoee, kisha wakawapeleka kazini. Ukisikia vile, ni sawa na karantini ya farasi kabisa. Lakini munganga alikuwa wa kampuni, dosie ilikuwa ya kampuni, na swali lake lilikuwa moja: mwili huu unafaa kwa kazi ao haufai? Walipima babu zetu juu ya kazi, hawakuwapima juu yao wenyewe. Donc tusiombe tu kupimwa. Tuombe kujua nani anashika karatasi, na nani anasema neno la mwisho.

Farasi wa Afrika mbele ya mulango

Kuna upande mwingine wa sheria hizi ambao unatuhusu sisi Waafrika. Kuna ugonjwa unaoitwa tauni ya farasi ya Afrika. Unaletwa na vidudu vidogo kupita mbu, vinavyouma mangaribi na usiku. Punda milia anaweza kuwa nao bila kuonyesha alama, lakini farasi anakufa kwa homa na maji mu mapafu. Mwaka 2020 ugonjwa ule ulitokea Thailand, mbali sana na kwetu, na uliua farasi zaidi ya 500.

Juu ya ugonjwa huo, farasi wa Afrika Kusini waliona milango mingi kufungwa. Mwaka 2011, ugonjwa ulipoonekana ndani ya eneo lililokuwa linalindwa karibu na Cape Town, Ulaya ilifunga mulango wake. Farasi wa mbio waliotaka kwenda Ulaya walipaswa kuzunguka, kukaa miezi kisiwani Mauritius, na wengine walirudi kazini wakiwa wamechoka na safari. Marekani nayo inaomba siku 60 za karantini kwa farasi anayetoka katika inchi yenye ugonjwa ule.

Wale wa Afrika Kusini wangeweza kubaki kulalamika kwamba wazungu wanawabagua. Walilalamika, ndiyo. Lakini walifanya pia kazi ya polepole: kulinda eneo, kuhesabu kila farasi, kupima damu, kuandika kila kifo, kujenga mabanda yenye nyavu ambazo vidudu haviwezi kupita. Mwaka 2024 Ulaya ilikubali tena kupokea farasi wao moja kwa moja. Ilikuwa miaka 13, na kilichofungua mulango ni hesabu yao wenyewe, iliyoandikwa vizuri.

Neno hili tunalisema kwa kamati za wachimbaji na kwa kopérative zetu. Sisi tunajua kulia mutu akifa. Lakini tukiulizwa mwaka huu wangapi walikohoa damu, wangapi waliangukiwa na udongo, wangapi waliacha kazi juu ya mugongo, tunaanza kuhesabu ku vidole na kubishana. Mutu asiye na hesabu anaambiwa: unasema uongo.

Tunachoomba

Tuseme pia ukweli juu yetu. Sisi tunaficha. Ndugu mumoja tunayemujua, siku ya kupimwa na munganga wa kazi, alikunywa chupa nzima ya siro ya kikohozi tangu asubuhi ili asikohoe mbele yake. Alipita. Alifurahi, tulifurahi naye. Leo hawezi kupanda ngazi bila kupumuzika mara tatu. Tusimucheke. Alifanya vile kwa sababu alijua: munganga akisema hapana, watoto watalala na njaa.

Hapa njo tofauti kubwa kati yetu na Jan Brueghel. Farasi alipoambiwa hapana, mangaribi ile alikula sawa siku zote. Hakuna mutu aliyemufukuza mu nyumba. Hapana ya munganga haikumunyanganya chakula. Kwetu, hapana ya munganga ni kufukuzwa kazi. Na mahali hapana ni kufukuzwa, kila mutu atadanganya: mufanyakazi atadanganya, shefu wa timu atafunga macho, na munganga mwenyewe ataogopa kuandika.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne, na hakuna hata moja linalopita nguvu ya kampuni inayolipa ndeke za kuleta vyombo vyake.

Kwanza, kila mutu anayepimwa apewe karatasi yake, nakala ya mukononi, aiweke nyumbani na aweze kuionyesha munganga mwingine. Farasi anatembea na kijitabu chake kutoka inchi moja mpaka ingine. Muchimbaji anayebadilisha kampuni asianze kila mara sawa mutu aliyezaliwa jana.

Pili, munganga anayeamua kama mutu anashuka ao hashuki asiwe chini ya shefu wa uzalishaji. Sheria ya kazi ya inchi yetu inaomba mutu apimwe na munganga mbele ya kuingia kazini. Muzuri. Ibaki kuona kwamba munganga yule anaweza kusema hapana na kesho bado iko na kazi yake.

Tatu, bafu na mahali pa kubadilisha nguo ku mulango wa kutokea, na nguo za mine zifuliwe kule kule. Na mutu wa kusimamia pale, si kibao tu.

Ine, na hili ni kubwa kupita yote: aliyeambiwa hapana asikose chakula. Apewe kazi ingine ya inje wakati anapumuzika, na aliyepata ugonjwa wa kazi, dosie yake ipelekwe CNSS bila kuifungia mu kabati.

Kwa ndugu zetu wa mashimo ya mikono, ambao hawana munganga wala CNSS, hatuwezi kuwadanganya kwamba kesho skaneri itafika. Lakini kopérative inaweza kununua daftari na kipima homa. Inaweza kumuchagua mutu mumoja, ambaye hauze mawe na hanunue mawe, apite asubuhi, aangalie shimo, aangalie watu, na awe na haki ya kusema: leo huyu hashuki, leo shimo hili halishukiwe. Na wote wakubali. Mutu yule asipewe sehemu ya kilo zinazotoka. Akipewa, siku hiyo hiyo neno lake limekufa.

Kule kwa farasi sheria zilikuja kisha maiti. Anthony Van Dyck alikufa mwaka 2020, skaneri ikaletwa 2021. Sisi maiti zetu ni nyingi na tunazijua kwa majina. Hatukosi sababu ya kuanza.

Mama yule wa mikate bado iko pale pale ku kona. Juzi tulimupelekea jibu la swali lake: farasi mwenye homa hapandishwi mu ndeke. Akafunga mikate yetu mu gazeti, akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Bon. Na baba ya batoto yangu akiwa na homa, nani atabakatalia basimushushe mu shimo?»

Wasimamizi wa kampuni, watu wa sendika, wakubwa wa kopérative: swali ni la mama yule. Tunangojea jibu lenu katika ukurasa huu.